Namna ya Kumtia Mgeni Wako Madeni

Barua kutoka chuoni imefika, chumba kimepakwa rangi, chandarua kimetundikwa, na jirani keshauliza mara tatu kama mgeni anakula pweza. Mwanafunzi kutoka Marekani, Ujerumani au Japani anakuja Unguja kusoma Kiswahili, na atakaa nyumbani kwako. Wewe si wa kwanza. Tangu TAKILUKI, taasisi ya kufunza lugha, ilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi sasa ikiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, familia za Mji Mkongwe na Ng'ambo zimepokea vijana wengi wa namna hii. Chuo kitamfunza ngeli na minyambuliko ya vitenzi. Kazi iliyobaki ni yako, nayo ndiyo kubwa: kumwingiza mtaani.

Wenyeji wengi hudhani kumwingiza mgeni mtaani ni kumtembeza. Wanampeleka Forodhani akala mishikaki, wanampeleka Jozani akaona kima punju, wanampeleka shamba akanusa karafuu na mdalasini, kisha wanamrudisha chumbani kwake. Muhula ukiisha, kijana ameona kila kitu na hakuna mtu hata mmoja mtaani atakayeshtuka asipomwona.

Mwongozo huu una njia nyingine: mtie madeni. Madeni ya salamu, ya sahani, ya zamu na ya ahadi. Mtu ni wa mtaa siku ile ambayo asipotokea kuna anayeuliza yuko wapi, tena kwa hasira kidogo. Kazi yako wewe mwenyeji ni kumtafutia watu wa kumkasirikia hivyo.

Vifaa vinavyohitajika: mbuzi mmoja wa kukunia nazi, sahani kadhaa zenye makawa, kanga doti mbili au msuli mmoja, bibi mmoja mkali anayeishi karibu, na mtoto wa miaka minane asiyeona haya kumsahihisha mtu mzima.

Hatua ya 1: Mpeleke kwa sheha, kisha kwa bibi

Kwa sheha utakwenda kwa sababu ndiye anayepaswa kujua nani analala katika shehia yake. Nenda mapema, na mgeni awepo mwenyewe na karatasi zake. Hapo umemaliza upande wa serikali.

Kisha nenda kwa bibi. Kila mtaa una bibi mmoja anayekaa mlangoni pake kuanzia alasiri, na hakuna kinachopita bila yeye kukijua. Mbele yake usimtambulishe mgeni kwa jina la nchi yake wala chuo chake. Sema: "Bibi, huyu ni mwanangu, anakaa kwangu. Ukimwona amepotea nirejeshee. Ukimwona anakosea mkanye." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Umempa bibi haki ya kumgombeza, na mtu hagombezwi na asiyemjali. Nenda na nyumba za jirani, moja baada ya moja, useme yale yale.

Usiku huo mfundishe mgeni kwamba sasa ana deni la kila siku. Akipita mlangoni kwa bibi ni shikamoo, asubuhi na jioni, hata kama ana haraka, hata kama mvua inanyesha. Asubiri marahaba. Asubiri na habari za nyumbani, za masomo na za kwao, maana maswali hayo yanataka majibu. Mwambie pia kwamba "jambo" wanayomwitia vijana wa ufukweni ni salamu ya watalii, na kwamba njia ya haraka ya kuacha kuitwa mtalii ni kuwahi kusema "sabalkheri" kabla hajasalimiwa.

Jambo moja zaidi: usimpeleke chuoni kwa gari. Aende kwa miguu mpaka kituo cha daladala, njia ile ile, saa ile ile. Muuza mandazi, fundi cherehani na watoto wa skuli wamwone kila siku mpaka uso wake usiwe habari tena. Mazoea hayo hayapatikani kwa mtu anayepita nyuma ya kioo.

Hatua ya 2: Mkabidhi mbuzi

Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kila mtu anaijua, na wengi huisoma kama hila ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mwalimu Nyerere aliisoma vingine. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa aliitumia kuonyesha kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba hata mgeni hakuachwa nje ya kazi. Ukiifuata hoja hiyo, jembe ni heshima. Anayenyimwa jembe ndiye anayeambiwa kwamba yeye si wa hapa.

Nyumba za mjini hazina shamba, kwa hiyo jembe letu ni mbuzi. Mkalishe juu yake, mpe kizio cha nazi, umwonyeshe namna ya kukuna bila kufika kwenye gamba. Atakwaruza vidole. Chicha lake la kwanza litakuwa na vipande vyeusi. Wali wa siku hiyo uliwe na usifiwe kwa haki yake, na kesho yake akune tena. Baada ya wiki mbili liwe jukumu lake: siku fulani tui ni la mgeni, na asipokuwepo hakuna wali wa nazi. Hapo chakula cha nyumba nzima kinamngoja yeye.

Usimbague kwa kuwa ni mvulana. Kama kwenu wavulana hawakuni nazi, atafute maji, atandike jamvi, apeleke mtungi wa gesi kujazwa, abebe kapu la sokoni. Ila asiwe na raha ya kukaa tu na kuhudumiwa, maana anayehudumiwa kila siku haachi kuwa mgeni.

Kisha mtume dukani, kila siku duka lile lile. Boflo, mkaa, sabuni, vocha. Mwenye duka atamjaribu kwa bei mara ya kwanza, na mara ya pili atamkumbuka. Siku moja chenji haitakuwepo na mwenye duka atasema, "Chukua, utaleta kesho." Mgeni atarudi mbio nyumbani kukuomba sarafu ili asidaiwe. Mkataze. Achukue boflo lake na adaiwe mpaka kesho, kisha akalipe asubuhi bila kukumbushwa. Mtu anayekopeshwa boflo anajulikana anakokaa na anaaminika.

Hatua ya 3: Sahani isirudi tupu

Hapa Ramadhani inakufanyia nusu ya kazi. Ikikaribia magharibi, vichochoro hujaa watoto wenye sahani zilizofunikwa: muhogo wa nazi, tambi, ndizi mbivu, mbatata, sambusa, kaimati. Mpe mgeni sahani mbili na umwelekeze nyumba. Apige hodi, asubiri karibu, aseme ametumwa na nani, asikimbie. Mwenye nyumba ataipokea sahani, na siku nyingine itarudi na kitu ndani, kwa sababu si ungwana kurudisha sahani tupu.

Sasa mgeni naye ana sahani ya kujibu. Apike kitu cha kwao. Akisema hajui kupika, ampigie simu mama yake. Mkate wa viazi wa Ujerumani, wali wa kukunja wa Japani, chochote kinachoweza kutoka katika jiko lako kwa vitu vya Darajani, na kisiwe na nyama ya nguruwe wala pombe. Asipike kwa ajili ya maonyesho ya utamaduni chuoni. Apike kwa ajili ya nyumba moja iliyomletea kaimati juzi. Wakionja wakacheka, wamecheka naye. Wakiuliza kaweka nini, amepata mazungumzo ya jioni nzima kwa Kiswahili.

Kuhusu kufunga, sema naye wazi kabla mwezi haujaandama. Asiyefunga ale na anywe ndani, si barabarani, kwa heshima ya wanaofunga. Akitaka kujaribu kufunga, mwamshe daku na umtunze kama unavyomtunza mtoto anayejifunza. Asipotaka, asiulizwe tena. Ikifika Idi ashonewe nguo kama wengine, na awe na sarafu za mkono wa Idi, kwa sababu watoto aliowazoea watakuja kumsalimia wakiwa na hesabu kamili ya wanachomdai.

Hatua ya 4: Mtafutie zamu moja, si shughuli saba

Vijana wa namna hii hufika na orodha: wanataka kupiga mbizi, kufunza Kiingereza, kusafisha ufukwe, kujifunza ngoma, kucheza mpira, kuandika makala na kujitolea kituo cha watoto. Mwache achague kimoja, awe na siku yake na saa yake, na watu watakaomsubiri. Mwenye vikundi saba hana kikundi.

Muziki unafaa sana. Kwenye taarabu, Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi tunaiita Malindi, imekuwepo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Na chuo cha muziki, DCMA, kimekuwa kikifunza udi, ganuni, fidla na ngoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana aliyepiga fidla kwao atapata mahali pa kukaa. Atagundua kwamba mizani ya taarabu si ile aliyoizoea, na kwamba mzee aliye pembeni yake hana noti za kusoma na hakosei. Akikosa mazoezi, mzee atauliza. Umeshafaulu.

Kama hana mkono wa muziki, kuna baraza. Mvulana anaweza kukaa na watu wa kahawa jioni, ajifunze bao au dhumna, na anyamaze mpaka apewe nafasi ya kusema. Siasa zitazungumzwa. Azisikilize, asihukumu. Msichana atakuta mlango mpana zaidi katika shughuli za arusi: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kupanga vikombe, kuvaa sare ya kanga na wenzake, na kutoa mchango wake kama wengine. Asiingizwe siku ya arusi yenyewe akiwa amepambwa na kamera mkononi. Aingizwe siku tatu kabla, kwenye vitunguu. Pale ndipo wanawake huzungumza.

Hapa nina ombi moja zito. Usikubali kazi yake ya kwanza mtaani iwe kufunza. Ukimweka mara moja mbele ya darasa la Kiingereza, umempa cheo kabla hajapata jamaa, na watoto watamwita "ticha" mpaka aondoke. Mweke kwanza mahali ambapo yeye ndiye dhaifu kuliko wote: kwenye timu ya mpira wa mchangani inayocheza bila viatu, kwenye bao analofungwa na mtoto, kwenye jiko ambalo kila mtu anajua kuliko yeye. Watu hufunguka kwa anayejifunza kwao. Kufunza kutakuja baadaye, na kutakuwa kulipa.

Hatua ya 5: Msibani pia aende

Wenyeji huwaficha wageni wao misiba, kwa kuwahurumia. Usimfiche. Bibi wa jirani akifiwa na ndugu yake, mgeni aliyemwamkia miezi mitatu ana wajibu wa kwenda kumpa pole.

Mweleze mapema. Avae nguo za kusitiri, asiende na kamera, simu aizime. Atakaa na wanawake au na wanaume, kila mmoja upande wake. Atasema "poleni sana, Mungu awape subira," kisha atakaa kimya kwenye mkeka, na ukimya wake hautakuwa na kosa. Kama kuna maji ya kugawa au vyombo vya kuosha, aoshe. Asitafute maneno ya busara. Katika msiba watu hukumbuka nani alikaa, na jina lake litakuwa miongoni mwa waliokaa.

Akiwepo Julai, mpeleke Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Kishirazi, wanaume wanapopigana kwa mabua ya migomba na kibanda kinapochomwa moto huku wanawake wakipita wakiimba. Lakini asishuke na basi la watalii asubuhi na kuondoka nalo jioni. Mtafutie nyumba ya jamaa zako huko, alale, asaidie kupika. Makunduchi siku hiyo hupenda kila nyumba iwe na mgeni, kwa hiyo hata wewe utakuwa umewasaidia.

Hatua ya 6: Siku atakapojifungia chumbani

Siku hiyo itafika. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko anaoupata mtu katika utamaduni mgeni, alisema mwanzo wake ni kama fungate: kila kitu kinapendeza. Kisha fungate huisha. Joto, kelele za alfajiri, kuulizwa maswali yale yale, lugha inayomkimbia kila anapotaka kusema jambo la maana, vyote vinamrukia siku moja. Anafunga mlango na kuzungumza na watu wa kwao kwenye simu mpaka usiku.

Usichukie. Usidhani hakupendi. Na usimpeleke tena matembezini. Mpe siku moja ya kupumzika, maana nyumba zetu zina watu wengi na yeye huenda alilelewa peke yake chumbani. Siku ya pili mtume mtoto wa miaka minane agonge mlango na kusema: "Unadaiwa mchezo wa karata." Au mwambie bibi anauliza mbona hajapita. Madeni yote uliyoyapanda tangu siku ya kwanza yanafanya kazi sasa. Mtu hutoka chumbani kwa ajili ya mtu anayemngoja.

Kama hatoki hata hivyo, hali kwa siku kadhaa, au anasema maneno ya kukata tamaa, hilo si la kutatuliwa kwa karata. Piga simu kwa msimamizi wa programu yake siku hiyo hiyo na umtafutie daktari. Wazazi wake wamekukabidhi mtoto.

Madeni yasiyoruhusiwa

Yapo ambayo hayaingii katika mwongozo huu. Asidaiwe fedha kwa kuwa anatoka nchi tajiri. Ada za watoto wa ukoo, simu mpya ya binamu na nauli za jamaa hazimhusu, na ni wewe utakayewaambia, asilazimike kusema mwenyewe. Asidaiwe dini. Asidaiwe mapenzi; msichana akifuatwafuatwa, mtaa mzima ujue kwamba ana watu. Asidaiwe picha zake, na yeye asipige za wengine bila kuwaomba. Na asidaiwe muda wake wote: ana mitihani, na ana haki ya kusema "leo siwezi" na kueleweka.

Hatua ya 7: Asiondoke bila kuaga, wala asilipe yote

Wiki ya mwisho apite nyumba zile zile mlizopita naye siku ya kwanza, safari hii aende peke yake. Aombe radhi, kama tunavyofanya sisi tukisafiri: kama kuna mtu nimemkosea, anisamehe. Atashangaa jinsi watu wanavyolichukulia neno hilo kwa uzito, na wengine watamwomba yeye radhi. Zamu yake ya tui aikabidhi kwa mtu. Fidla aliyoazima airudishe. Dukani alipe boflo la mwisho.

Lakini asimalize kila kitu. Abaki na deni la kupiga simu siku ya Idi, la kumtumia mtoto wa miaka minane kadi kwa posta, la kurudi. Asiyedaiwa chochote hana sababu ya kurudi.

Haya yote si ukarimu wa upande mmoja. Shirika la AFS, ambalo limewapeleka vijana wengi kuishi na familia za nchi nyingine, lilianza mwaka 1915 kwa madereva wa kujitolea waliobeba majeruhi wa vita huko Ufaransa. Baada ya vita vya pili, mwaka 1947, ndipo likageukia wanafunzi wa sekondari. Waliojua vita kwa kubeba watu wake waliona kwamba kijana aliyekula na kufanya kazi katika nyumba ya watu wengine hawezi tena kuwaita watu hao adui kirahisi. Na mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa mwaka 2002, umechukua vijana wa sekondari kutoka nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, kukaa na familia za Marekani, na kujitolea katika jamii ni sehemu ya mwaka wao. Kuna mama katika mji mdogo wa huko anayempa mtoto wa Kiafrika sepetu ya theluji asubuhi na kumwambia asafishe mlango wa mzee wa jirani. Mama huyo anafanya sawasawa na wewe unayemkabidhi mgeni wako mbuzi.

Basi ukishamsindikiza mgeni uwanja wa ndege, jiandae. Bibi atakuuliza kama amefika salama. Mwenye duka ataulizia habari zake. Mzee wa taarabu atataka kujua kama anafanya mazoezi. Wewe ndiye mdhamini, na utawajibu wote, wiki baada ya wiki. Na chuo kikileta barua nyingine muhula ujao, watu wale wale watakuja kukuambia kwamba unadaiwa mgeni mwingine.